Maswali yenu ya picha: chalenji imekufa siku ya 19

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi mpaka simu inapata moto, na karibu nusu yake zinazungumzia kitu kimoja, chalenji za picha. Mtu kaanza picha moja kila siku kaacha njiani, mwingine anaendelea ila haoni tofauti yoyote, mwingine anataka kuwapa wanafunzi wake hajui aanzie wapi. Nimechagua nne. Zile ndefu nimezipunguza na majina nimetoa kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Kigoma, napiga kwa simu tu, na huu ni mwezi wa sita sasa kila jioni nashuka Kibirizi kupiga boti, watoto wanaoogelea na jua likizama upande wa Kongo. Kanuni ya theluthi naijua, ile ya kugawa picha mafungu matatu na kutoweka kitu katikati, gridi nimewasha, ile mistari ya kwenye skrini, mada za chalenji nafuata, leo "rangi" kesho "mistari" keshokutwa "maji". Ila nikizipanga picha zangu pamoja zote zinafanana, kama nimepiga picha moja mara mia. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Zile kumi ulizotuma nimeziangalia na chai mkononi, na ntakuwa mkweli kwako. Tisa kati ya hizo mstari wa maji umekaa kwenye ule mstari wa juu wa gridi na boti imekaa kulia chini pale mistari inapokatana. Tisa! Yaani umesoma kwamba usiweke kitu katikati ukaenda ukatengeneza katikati yako mpya, sasa kila boti inayopita Kibirizi lazima ikalale hapohapo. Gridi haina kosa, imekusaidia kunyoosha maji yasimwagike upande mmoja na hiyo ni kazi nzuri, ila ile kanuni ni ya kuanzia tu, ukiizoea inaanza kukufanyia kazi ya kufikiri na wewe unabaki kubonyeza.

La pili, zote kumi umepiga umesimama wima, simu ipo usawa wa macho. Najua bila kuambiwa kwa sababu vichwa vya watoto vyote vimezama kwenye ile milima ya ng'ambo, weusi juu ya weusi, mtoto hatokezi.

Halafu kuna hizo mada zenyewe. "Rangi" sio chalenji bana. Ukiambiwa rangi unaenda palepale, unasimama palepale, unapiga boti ileile ila safari hii unaiita rangi. Chalenji inayofundisha mpangilio, yaani nini kikae wapi kwenye picha, ni ile inayokunyima kitu ulichozoea. Kwa hiyo ntakunyima vitu vinne, kila wiki kimoja, na usichanganye.

Wiki ya kwanza hakuna anga. Picha yoyote itakayoonyesha mbingu, hata kipande, haihesabiki. Utaona siku ya kwanza unakasirika kwa sababu jua ndo lilikuwa linakubeba. Ukishamaliza kukasirika utaanza kuangalia chini, na chini pale kuna mali, kamba, nyavu, miguu, mbao za boti zilizochubuka rangi tatu tatu, na dagaa. Dagaa walioanikwa ni somo zima peke yao maana ni umbo moja limejirudia mara elfu, na picha ya kitu kinachojirudia ukiiacha hivyohivyo inachosha, inataka kitu kimoja kiharibu, mkono wa mama anayegeuza, ndala moja iliyosahaulika, kuku. Hii itakulazimisha kwenda asubuhi, maana jioni unawakuta wameshakusanya. Na asubuhi jua linatoka nyuma yako linapiga usoni kwa watu na kwenye boti zinazorudi, rangi zinafunguka kabisa, wakati jioni unapiga dhidi ya jua kila kitu kinakuwa kivuli. Miezi sita ulikuwa unaona upande mmoja wa Kibirizi.

Wiki ya pili simu isipande juu ya goti. Chuchumaa, lala ikibidi, watoto watakucheka, waache wacheke. Ukishuka mstari wa maji unashuka na wewe, halafu wale watoto wanapanda juu yake na kusimama kwenye anga safi, kila mmoja na mikono yake na miguu yake inaonekana.

Wiki ya tatu hutembei. Unachagua fremu kwanza, unaangalia kona zote nne hakuna takataka, afu unasubiri mtu aingie. Nusu saa, dakika arobaini. Hapa ngoja nikupe kisa kidogo kwa sababu wewe upo ziwani na kinakuhusu. Kuna mpiga picha Mhungari anaitwa Martin Munkácsi, alikuwa anafanyia kazi magazeti ya Berlin, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikatoka picha yake ambayo mpaka leo inajulikana kwa jina la vijana watatu wa Ziwa Tanganyika. Vijana watatu, mgongo kwa kamera, wanakimbilia maji, miili yao imekuwa maumbo meusi tu na povu la wimbi ni jeupe. Sura hata moja huioni. Kijana mmoja wa Ufaransa aliyekuwa amesomea uchoraji akaiona ile picha ikamshika vibaya sana, akasema kumbe kamera inaweza kufanya hivi. Huyo ndiye Henri Cartier-Bresson, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa karne iliyopita, na maisha yake karibu yote kapiga na lenzi moja ya milimita 50. Lenzi moja! Sisi simu ina tatu nyuma na bado tunalalamika.

Angalia ile picha ukiipata. Miguu na mikono ya wale vijana haijagusana ovyo, katikati ya miili kuna nafasi nyeupe, na hizo nafasi ndo zinafanya uone mbio. Wangekuwa wamegandana ungeona donge jeusi na basi. Kwa hiyo unaposubiri Kibirizi usisubiri mtoto aruke tu, subiri waachane. Na faida nyingine, picha ya umbo jeusi haimwaniki mtoto wa mtu, ingawa ukikaa pale kila siku bado ongea na wazazi, wakujue wewe ni nani na picha zinaenda wapi. Kupata hilo umbo jeusi gusa skrini kwenye anga angavu, kisha ukikiona kile kijua kidogo kishushe mpaka watu wawe weusi kweli. Simu ukiiacha yenyewe itataka kuwaonyesha sura na itaharibu yote mawili.

Jambo moja kuhusu jua. Utasikia wanasema kuna saa nzima ya mwanga wa dhahabu kabla jua halijazama. Hiyo saa ni ya wenzetu wa mbali huko kaskazini ambako jua linashuka kwa mteremko. Kwetu karibu na ikweta linadondoka wima, ule mwanga wa dhahabu wenyewe ni kama nusu saa tu. Kwa hiyo fremu iwe tayari kabla, sio jua limeshageuka chungwa ndo unaanza kutafuta pa kusimama.

Wiki ya nne weka kila kitu katikati. Ndio, katikati kabisa, mpaka uone ni vitu gani vinapenda kukaa hapo. Boti inayokuja kwako uso kwa uso inapenda. Boti inayopita ubavu haipendi, inaonekana imegonga ukuta. Tuma kumi nyingine ukimaliza.

SWALI: Habari kaka. Nipo Tabata, Dar, nina watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Januari nilianza ile ya siku 365 picha moja kila siku, nikafika siku ya 19 nikaacha, na kila nikiiona ile kamera mpya niliyonunua roho inaniuma. Sitoki sana, maisha ni ndani na uani. Niianze upya au nikubali tu sio fani yangu?

JIBU: Nzuri dada, pole na hongera ya mtoto. Usiianze upya, tafadhali. Ile ya siku 365 mimi siipendi na najua kuna watakaonikasirikia. Imewasaidia watu, sikatai, ila kwa mtu mwenye kichanga ni deni linalokuja kugonga kila usiku, saa nne unakumbuka hujapiga, unapiga kikombe, unaenda kulala. Picha kumi na tisa halafu ishirini za kikombe. Hicho sio kujifunza, hiyo ni kusaini daftari la mahudhurio.

Nami nshawahi kufa siku ya 40 na kitu, na kilichoniamsha kilikuwa benchi. Karibu na ninapokaa kuna kijiwe cha kahawa, benchi moja la mbao, mti, ukuta uliobandikwa matangazo. Nikajiwekea, kila Jumamosi picha 36 za hilo benchi tu, hakuna kufuta, hakuna kuangalia mpaka zote ziishe. Wakubwa mtakumbuka filamu ya picha 36, ukishabonyeza umebonyeza, unasubiri studio. Picha kama kumi za kwanza ni zile ambazo mtu yeyote angepiga. Kuanzia ya 15 hivi akili inaishiwa, unaona aibu, wazee wa kahawa wanakuuliza kulikoni hilo benchi lina mazingaombwe gani. Na hapo kwenye kuishiwa ndo mtu anaanza kuona. Nilipokuja kuzihesabu picha za Jumamosi ya kwanza 29 zilikuwa za kusimama, usawa wa macho, umbali uleule wa hatua nne. Nilikuwa najiita mpiga picha mwaka wa tano huo! Hakuna mtu angeniambia, ila zile 36 ziliniambia.

Sasa wewe benchi lako ni ndoo. Au dumu la maji la njano, kila nyumba ya Tabata linalo. Mara moja kwa wiki mtoto akilala, 36 za hilo dumu, ukishindwa kumaliza kwa mkupuo mmoja malizia kesho, filamu haiozi. Lipige likiwa dogo kabisa kwenye kona ya ukuta mtupu. Lijaze fremu mpaka lisijulikane ni dumu. Lipige kwa kupitia kitu, mfano kamba ya nguo, weka kanga iliyoanikwa ikale nusu ya picha na dumu lichungulie. Lipige kutoka juu kabisa, panda stuli, kivuli chake kikiwa kirefu kuliko lenyewe. Lipige likiwa pamoja na mguu wa mtoto. Na kila ukibonyeza jiulize kuna nini kingine kwenye fremu ambacho sijakikaribisha, maana uani kwetu kuna vitu, kuna ufagio, kuna mfuko wa rambo, kuna waya wa jirani unamtoka mtu kichwani. Hatua moja kushoto mara nyingi inatosha kuufuta huo waya, wala huhitaji programu ya kuediti.

Na ndani una utajiri hujauona, mlango. Zima taa, acha mlango wa mbele wazi, asubuhi au alasiri, mkalishe mtoto hatua moja kutoka kizingitini, ubavu kwa mlango. Mwanga unakuja upande mmoja, nusu ya uso inang'aa nusu inazama, na nyuma yake chumba kinakuwa giza kinameza makochi na vyombo vyote. Sogea hatua mbili ndani ufananishe, halafu tatu. Umeshapata chalenji ya mwezi na hujatoka nyumbani.

Kamera mpya isikuume. Kama lenzi yake inavuta vitu karibu na mbali (zoom), itege sehemu moja, bandika tepu ya karatasi isizunguke, mwezi mzima utembee kwa miguu. Na zile 19 usizifute, zichape ndogondogo uzitandaze kitandani, angalia umependa kuweka vitu wapi. Sina shaka utaona kitu.

SWALI: Assalaam aleikum. Mie mwalimu hapa Unguja, nna wanafunzi kumi na wawili wa kilabu cha picha, baadhi wana simu baadhi wanaazimana. Nataka niwape chalenji ya kila Alkhamisi Mji Mkongwe. Tatizo wote wanapiga milango, na wakipiga watu wanafukuzwa. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu mwenzangu. Kwa milango siwalaumu, ile michongo na misumari ya shaba inaita, na kila mgeni anayeshuka bandarini anaondoka na milango hamsini kwenye simu. Hapo ndo pa kuwanyima. Alkhamisi moja, mlango bila mlango mzima. Wanaruhusiwa msumari mmoja, kona, kivuli cha msumari kwenye ubao, au waingie ndani kwa ruhusa ya mwenyewe wapige nje kupitia mlangoni, mlango uwe fremu na mtaa ndo picha. Hiyo ya fremu ndani ya fremu Mji Mkongwe ni rahisi sana, uchochoro wenyewe ni fremu, kuta mbili ndefu nyeusi na kamstari ka mwanga katikati, unasubiri baiskeli tu.

Simu chache wala sio tatizo, ningekuwa mimi hata ningezipunguza. Wawili simu moja, mmoja anapanga mwenzake anabonyeza, na anayepanga haruhusiwi kushika, lazima aseme kwa mdomo, "shuka, sogea kulia, ngoja yule apite". Mtoto akilazimika kusema mpangilio kwa maneno anaujua. Ukimwacha abonyeze mwenyewe atakwambia tu nimeona imependeza.

Kuna moja ya vivuli inataka kalenda. Kwenu Unguja, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana saa sita na kitu linakaa karibu kabisa juu ya utosi. Mtu anasimama na kivuli kimeingia chini ya viatu vyake, nguzo hazina vivuli, na kwenye vichochoro jua linafika sakafuni kwa muda mfupi tu kisha linapanda ukuta wa pili. Wapige picha fremu ileile kila dakika kumi, saa moja nzima, kutoka kwenye alama moja ya chaki. Wataona fremu haikubadilika ila picha zimebadilika sita au saba. Wapiga picha wote wanasema mchana mwanga mbaya, kaeni ndani, mie naona ni uvivu.

Kuhusu kufukuzwa, nadhani watoto wanaanza na simu kabla ya salaam. Mzee kakaa barazani kwake, ile baraza ni sehemu ya nyumba yake, umeelekeza simu hujamwamkia, lazima akuonyeshe njia. Alkhamisi ya kwanza simu zibaki kwenye mkoba wako. Waamkie, wakae, waseme wao wanafunzi wa nani, wanajifunza nini. Akikataa mtu wanasema ahsante na wanaondoka bila kuvizia kutoka kona. Kina mama msiwapige picha kabisa pasipo idhini yao, hilo hamhitaji niwaambie. Na kuna chalenji nzuri ya watu bila sura, mkono unaomimina kahawa, viatu nje ya msikiti, kivuli cha mwenye kofia ukutani. Mara nyingi zinakuwa na nguvu kuliko sura yenyewe kwa sababu anayetazama anamalizia mwenyewe.

Ukipata muda wapeleke Capital Art Studio, ile studio ya picha ya hapohapo Mji Mkongwe, ipo tangu 1930 na picha zake za zamani za Unguja zinaonekana. Wasimame mbele ya picha moja dakika tano wahesabu kilichoachwa nje.

Na mwisho wa mwezi chapa picha zao ziweke mezani kichwa chini miguu juu kabla ya kuzijadili. Ukiigeuza picha huoni tena bibi au mlango, unaona giza limelemea upande gani na jicho linakimbilia wapi. Waulize ipi inaanguka upande mmoja. Watoto wanalijibu hilo swali vizuri kuliko sisi watu wazima.

SWALI: Sasa mkuu, mimi niko Mombasa. Picha zangu za chalenji hazipati laiki. Niuze simu ninunue kamera, ama?

JIBU: Poa sana. Usiuze. Laiki zinapima umeposti saa ngapi na una marafiki wangapi, hazijui mstari wa maji umepinda, na wako umepinda katika tatu kati ya hizo nne ulizonitumia. Ile ya feri ya Likoni ungesubiri yule jamaa wa shati jekundu apige hatua mbili zaidi atoke mbele ya nguzo. Na hizo picha zote zina ukungu mweupe kwenye taa, hapo kamera haihusiki, ni mafuta ya kidole. Futa lenzi na fulana safi ya pamba kisha unitumie ileile ya feri upya.